Mafua ya aleji ukiwa kwenye boda: tafuta tatizo liko wapi kabla hujameza kile kidonge cha njano

Mimi naendesha boda huku Arusha, kijiwe chetu kiko upande wa Tengeru, na kila mwaka masika ikianza kukata, kuanzia mwisho wa Mei hivi, nyasi zikishasimama na kutoa masuke, pua yangu inafungua bomba. Chafya saba nane kwa mpigo, macho yanawasha mpaka unatamani uyatoe uyaoshe uyarudishe, na kaakaa linawasha kule ndani ambako kidole hakifiki, unabaki unalikwangua kwa ulimi unatoa milio kama chura. Miaka yote dawa yangu ilikuwa ile ile ya kila mtu, piritoni, vidonge vidogo vya njano, nameza viwili na chai asubuhi naingia kazini.

Siku moja ya soko nimembeba mama mmoja na kapu lake la ndizi, natoka naye Tengeru kwenda Usa River, saa nne asubuhi, jua limetoka, barabara nyeupe kabisa. Ninachokumbuka ni kofi la bega. "Mwanangu, umelala?" Nikamjibu hapana mama, vumbi limeniingia jichoni, kumbe tairi la mbele lilishaacha lami liko kwenye changarawe za pembeni. Hakusema nimshushe, ila njia nzima iliyobaki alinipigisha stori, nina watoto wangapi, mke wangu katokea wapi, migomba ya kwetu inaendeleaje, na mpaka namshusha ndio nikaelewa zile stori zilikuwa za kunishikilia nisilale.

Toka siku ile nikaanza kulichukulia hili jambo kama fundi anavyochukulia pikipiki iliyokataa kuwaka. Fundi mzuri hafungui injini, anacheki mafuta yapo, anacheki plagi, anakuuliza ilizimikia wapi na ilikuwa inatoa mlio gani. Sasa na wewe twende hivyo hivyo, dalili kwa dalili. Mimi sio daktari, haya nimeyaokota kwa mfamasia, kwa daktari wa pua na koo mmoja aliyenivumilia sana maswali, na mengine kwenye mwili wangu mwenyewe.

Ni aleji kweli au mafua ya kawaida?

Angalia kitu kimoja kwanza, kuwasha. Mafua ya kuambukizana yanaziba pua, yanaumiza koo, yanaleta kahoma na mwili kuchoka, lakini kuwasha sio kazi yake. Aleji inawasha, pua inawasha, macho yanawasha, kaakaa, mpaka masikio kwa ndani, na kamasi ni maji matupu, homa hamna. Alafu mafua ya kawaida wiki moja mpaka siku kumi yameshakuaga, aleji inakaa na wewe miezi, leo afadhali kesho balaa kutegemea na upepo na njia uliyopita. Kama una homa na viungo vinauma nenda kapime, huko sio huku.

Inaanzia wapi na saa ngapi?

Hapa ndio pa kukaa sana maana wengi wetu tunarukia dawa hata hatujui kinachotusumbua. Mimi nilichukua lile daftari langu la hesabu ya bosi, pembeni ya hela nikawa naandika nilipita wapi na chafya zilianzia wapi. Wiki tatu tu nikaona siri yote.

Kama zinaanza ukipita kwenye nyasi, mashamba au viwanja visivyojengwa, hiyo ni chavua, ule unga wa maua. Na chavua inayotutesa ni ile inayosafiri na upepo, kwa hiyo usihangaike na maua mazuri. Hapa mjini mijakaranda ikichanua Oktoba na Novemba barabara zinakuwa za zambarau na kila mwenye mafua anailaumu, wakati ule mti unategemea nyuki, chavua yake inanata, hairuki ikaja kukutafuta kwenye helmeti. Wabaya wenyewe maua yao hata huyaoni kama ni maua, nyasi za kila aina, mivinje kwa watu wa pwani, na huku kwetu gugu karoti.

Gugu karoti nalitaja kwa jina maana wengi wanalipita kila siku. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua madogo meupe kama punje za chumvi, limejaa kando ya barabara, kwenye viwanja, penye kifusi, popote udongo ulipochokonolewa. Linaleta mafua ya aleji, linaweza kuchokoza pumu, na ngozi pia halibakizi. Kijiweni kwetu lilikuwa limezunguka pale tunapopaki, mwenyekiti wetu siku moja kwa hasira akaling'oa lote kwa mikono mitupu, kesho yake alikuja na mikono imevimba vipele mpaka kwenye viwiko na hakuweza kushika klachi siku mbili. Ukitaka kuling'oa vaa glavu na shati la mikono mirefu, na ling'oe kabla halijatoa maua, ukichelewa unajimwagia chavua mwenyewe usoni.

Nyasi zinamwaga zaidi asubuhi jua likianza kukausha umande, na jioni hewa ikipoa ile iliyopanda juu inashuka tena. Siku ya jua na upepo ndio mbaya, siku ya mvua ya maana hewa inaoshwa unapumua kama mtu. Kwa hiyo kama una trip mbili za kuchagua, ile ya kukatiza mashambani isukume mchana wa katikati au baada ya mvua. Najua hatuchagui sana, abiria akisema Ngaramtoni ni Ngaramtoni, ila kuna njia mbili za kufika sehemu nyingi na ya lami ya katikati ya nyumba ni bora kuliko ya mkato ya kwenye mahindi hata kama inakula mafuta kidogo.

Vitu vya bei ndogo vinasaidia kuliko vinavyoonekana. Vaselini ukipaka kidogo kwenye mdomo wa tundu za pua inanasa chavua kabla haijaingia. Barakoa au skafu chini ya helmeti. Kioo cha helmeti kishushwe, tusijidanganye, wengi tumekifungua au tumekivunja kabisa. Ukifika nyumbani vua koti nje, oga, osha nywele kabla ya kulala, maana usipofanya hivyo unailalia chavua ya kutwa nzima usiku kucha. Na nguo usianike kwenye kamba iliyo katikati ya nyasi.

Zinaanza ukiamka, hata mlango hujafungua

Hiyo mara nyingi sio chavua. Ni vile vidudu vya vumbi la nyumbani vinavyoishi kwenye godoro na mito, hata kwa macho huvioni, au ukungu kwenye ukuta wenye unyevu. Mashuka fua kwa maji ya moto, godoro litoe juani, na kama una zulia la chumbani lile la manyoya fikiria kumpa mtu usiyempenda.

Na kama zinaanza ukivaa helmeti tu, nusa ile sponji ya ndani. Helmeti ya abiria hasa, inavaliwa na vichwa ishirini kwa siku, jasho, vumbi, mafuta ya nywele, alafu inalala juu ya tanki usiku kwenye umande. Nyingine sponji zinatoka, fua na sabuni ya kawaida, suuza sana, anika zikauke kabisa. Zisizotoka pangusa na kitambaa cha sabuni alafu acha juani. Mimi nilipofua yangu mara ya kwanza maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, nikaona aibu nikayamwaga haraka mke wangu asije kuyaona.

Pua inachuruzika asubuhi ya baridi tu, ukisimama inaacha

Juni na Julai huku kwetu saa kumi na mbili asubuhi baridi inakata masikio. Kama pua inavuja ukiwa kwenye mwendo tu, haiwashi, macho mazima, na ukisimama kunywa chai dakika kumi imekata, hiyo sio aleji, ni pua inajitetea na hewa ya baridi. Vidonge vya aleji hapa vitakusaidia kidogo sana au visikusaidie kabisa, unajipa usingizi wa bure. Dawa yake ni skafu juu ya pua, basi.

Vumbi na moshi

Vumbi na moshi wa malori ya dizeli vinaweza kukupigisha chafya bila wewe kuwa na aleji yoyote, ni muwasho wa kawaida, ukitoka kwenye vumbi umepona. Ila kwa mwenye aleji vinaongeza chumvi kwenye kidonda. Usimfuate lori kwa karibu, mpishe aende.

Kuna ndugu zetu wa Mtwara na Lindi, shemeji yangu yuko Masasi, yeye alikuwa anajua ana aleji ya maua ya mikorosho kwa sababu inamkamata kuanzia Juni mikorosho ikianza kuchanua. Alivyofuatilia akakuta inamkamata asubuhi mapema tu, upepo ukiwa umetulia, na huo ndio muda watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Ni salfa inayomchoma macho na pua, sio maua. Piritoni ilikuwa haimsaidii kitu na ndio maana alikuwa anaongeza dozi. Sasa anavaa miwani ya kuziba pembeni na barakoa, akipita sehemu wanapopuliza anaosha uso kwa maji, na hajameza kidonge msimu mzima.

Umemeza dawa, pua imekauka, lakini unasinzia

Hapa kuna kosa moja ambalo ndio chanzo kwa karibu kila mtu, na ni piritoni au ndugu zake. Ile dawa inazuia histamini, hicho ndicho kitu mwili unakimwaga ukikutana na chavua. Lakini histamini hiyo hiyo kule kwenye ubongo kazi yake ni kukuweka macho. Dawa za zamani kama piritoni zinapenya mpaka kwenye ubongo, zinazima kote kote. Huna ujanja, sio kwamba wewe ni dhaifu au hukula vizuri.

"Mimi nameza usiku tu." Na mimi nilisema hivyo. Shida ni kwamba piritoni haitoki mwilini haraka, kwa mtu mzima inachukua kama saa 20 au zaidi nusu yake tu kupungua, kwa hiyo ile ya saa tatu usiku bado iko na wewe saa moja asubuhi unapowasha pikipiki. Alafu mimi nilikuwa nameza viwili wakati kipimo cha mtu mzima ni kimoja cha miligramu 4 kwa mara moja.

"Mimi piritoni hainilazi, nimeshaizoea." Hili ndilo linaloua. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani walichapisha utafiti, watu 40 wenye aleji ya chavua waliwekwa kwenye mashine ya kuigiza kuendesha gari, kila mmoja akajaribiwa kwa siku tofauti na vitu vinne, difenihidramini ambayo ni ya ukoo mmoja na piritoni, feksofenadini ambayo ni ya kizazi kipya, pombe ya kufikisha asilimia 0.1 kwenye damu, na kidonge kisicho na dawa. Waliendesha vibaya zaidi wakiwa na difenihidramini, vibaya kuliko hata wakiwa wamekunywa pombe. Wakiwa na feksofenadini waliendesha sawa na kama hawajameza kitu. Na kitu kilichonishtua mimi, jinsi mtu alivyojisikia usingizi haikulingana na alivyokuwa anaendesha. Yaani mtu anakwambia niko poa kabisa na huku anaendesha vibaya. Kwenye gari unachelewa breki unavunja taa ya mbele, kwenye pikipiki taa ya mbele ni goti lako.

Kingine, unaweza kuwa unaimeza piritoni bila kujua. Zile dawa za mafua za mchanganyiko, za kupunguza mafua na kichwa na homa kwa pamoja, nyingi zina hiyo hiyo ndani. Geuza boksi soma kwa nyuma, ukiona chlorpheniramine hiyo ni piritoni kwa jina la shuleni, ukiona diphenhydramine au promethazine kimbia kabisa, na dawa nyingi za maji za kikohozi zinazo. Wengine wanaweka na kafeini humo humo ili usiusikie usingizi, lakini ule uzito wa kufikiri hauondoki. Ndio maana na kinywaji cha kuongeza nguvu juu ya piritoni hakisaidii, unakuwa mlevi aliyechangamka. Na bia juu yake ndio usiseme.

Kwa wazee kuna jingine pia, piritoni inaweza kubana mkojo kwa mwenye tezi dume, na kwa mwenye presha ya macho inaleta shida. Mzee wangu alibanwa namna hiyo, alijua ni umri.

Basi umeze nini?

Ziko tatu ambazo utazipata famasi nyingi, zote kidonge kimoja kwa siku. Loratadini ya miligramu 10, hii kwa kipimo hicho hailazi watu wengi. Feksofenadini, kwa aleji ya chavua ni miligramu 120, nyingine zinauzwa za 180, hii haipenyi karibu kabisa kwenye ubongo na ndio ningempa ndugu yangu anayeendesha, bei yake tu ndio imesimama. Na setirizini miligramu 10, hii ndio iko mpaka duka la dawa la kijijini, inafanya kazi haraka na vizuri, lakini usidanganyike kwamba hailazi kabisa. Kwenye majaribio yake watu kama 14 kati ya 100 walisinzia, wakati kwa waliopewa kidonge kitupu ni 6. Kwa hiyo unaweza kuwa kwenye wale 14, mimi niko humo, mwingine hayumo.

Dawa yoyote mpya ya hizi ianze jioni ambayo kesho yake huendeshi, ujue wewe uko kundi gani. Usijaribie na abiria mgongoni.

Feksofenadini ina vituko vyake. Umeimeza siku tatu na hausikii kitu? Uliza umeimeza na nini. Ukiimeza na juisi ya machungwa, ya balungi au ya tufaha mwili unaipokea kidogo sana, na sisi tena, asubuhi dawa inashushiwa na kile kinachouzwa pale kijiweni. Meza na maji. Dawa za kiungulia zile zenye aluminiamu na magnesiamu nazo zinaibana, acha kama saa mbili katikati.

Kama una matatizo ya figo au ini, kama unatumia dawa nyingine za kila siku, au kama ni dada boda na una mimba, usichague mwenyewe, mwambie mfamasia kabla hajakata kidonge. Na ukiona kimoja hakitoshi usiongeze cha pili, hasa setirizini, unarudi kule kule kwa piritoni. Dawa ya kutotosha ni nyingine, soma chini.

Chafya zimepungua lakini pua bado imeziba kama matofali

Vidonge ni vizuri kwa chafya, kuwasha na maji maji, kwa kuziba ni dhaifu. Kwa kuziba unataka spreyi ya puani ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani ya pua, beklometasoni, flutikasoni, mometasoni, ziko za aina nyingi. Hii haikulazi hata kidogo, na kwa mtu anayesumbuliwa kila siku inafanya kazi kuliko kidonge. Nilichelewa miaka kuijua kwa sababu hakuna anayeitaja pale dirishani, unaomba dawa ya mafua unapewa njano umeondoka.

Wengi wanaijaribu wanaitupa, na sababu ni mbili. Ya kwanza wanataka ifungue pua sasa hivi. Haifanyi hivyo, inataka siku kadhaa mpaka wiki mbili ukipuliza kila siku, na kama unaujua msimu wako anza wiki moja au mbili kabla. Ya pili wanapuliza vibaya. Inamisha kichwa kidogo mbele uangalie chini, usikirudishe nyuma kama unaweka matone ya jicho. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, wa kushoto ulipulize la kulia, ili dawa iende kwenye ukuta wa nje na isigonge ule mfupa wa katikati, hapo katikati ndipo inapoleta damu. Vuta taratibu, usivute kama ugoro. Ukisikia dawa inashuka kooni inachacha ujue umevuta kwa nguvu, dawa umeimeza na pua imebaki mikono mitupu.

Kabla ya spreyi osha pua na maji chumvi. Maji nusu lita yaliyochemshwa yakapoa, sio ya bomba moja kwa moja, kijiko cha chai cha chumvi, vuta kidogo kidogo kwa tundu moja yatoke. Inaonekana mambo ya ajabu, ila jioni baada ya kutwa ya vumbi ukiona kinachotoka humo hautaacha tena.

Pua sasa haifunguki bila spreyi

Hiyo ni spreyi nyingine, ile inayofungua pua dakika hiyo hiyo, oksimetazolini au zailometazolini. Tamu sana. Ukiipuliza zaidi ya siku tatu mpaka tano pua inazoea, dawa ikiisha nguvu inaziba kuliko mwanzo, unapuliza tena, unakuwa na kichupa mfukoni kama mvuta sigara. Ukishafika huko tafuta ile ya steroidi na acha hii, wengine wanaacha tundu moja kwanza. Usiku chache zitakuwa mbaya, vumilia.

Na usikubali "sindano ya aleji ya kumaliza kabisa", wala pakiti ya deksa na predinisoloni za kuchanganya na piritoni. Ni steroidi za mwili mzima, zinakausha pua kweli siku mbili tatu, lakini sukari, presha na tumbo ndio vinalipa bili.

Macho

Macho ya aleji yanawasha na kutoa maji, la kulia na la kushoto. Usiyasugue, hasa na glavu, umekamata mkono wa abiria, pesa, mnyororo, alafu unaupeleka kwenye jicho. Mwagia maji safi ya baridi. Miwani ya kuziba pembeni, hata ya bei ya chini, inazuia upepo na chavua. Matone ya sodiamu kromoglikati hayalazi, unaweka mara nne kwa siku kwa muda wote wa msimu, sio siku linapowasha tu.

Tahadhari ya kweli iko kwenye matone ya steroidi. Yanauzwa kirahisi, yanaondoa wekundu kwa siku moja unashukuru, lakini ukiyatumia bila mtu kukupima yanaweza kupandisha presha ya jicho ukapoteza kuona pole pole bila hata maumivu. Kama ni jicho moja tu jekundu, linauma, mwanga unalichoma au unaona ukungu, hiyo sio aleji, huenda kuna kitu kimekwama, peleka hospitali siku hiyo hiyo.

Chafya ikikukuta kwenye mwendo

Ukiwa kilomita 50 kwa saa unasafiri kama mita 14 kila sekunde, na chafya inafunga macho yote mawili. Moja sio kitu, sisi hatupigi moja. Ukisikia ile ya kwanza inakuja, acha mafuta, angalia nyuma, washa indiketa, toka pembeni, piga zako zote nane, futa, endelea. Kubana mdomo wa juu chini ya pua kwa kidole wakati mwingine kunaizima lakini hiyo ni ukiwa umesimama. Mwambie abiria kabla, "mama nina mafua nitasimama kidogo", hakuna aliyewahi kunikatalia. Na kama helmeti yako ni ya kufunika uso wote, kifungue kioo kabla, utanielewa ukisahau mara moja.

Umeacha piritoni na bado unasinzia

Cheki kwanza kama sio setirizini. Kama sio, cheki usiku unalalaje. Pua iliyoziba inakunyima usingizi, unakoroma, unaamka amka, unaamka asubuhi mdomo mkavu kichwa kizito, kwa hiyo hata bila dawa yoyote aleji yenyewe inakulaza barabarani. Hapo suluhisho ni kutibu pua vizuri zaidi kwa spreyi, sio kuogopa dawa zote ukabaki unateseka. Kama pua iko wazi na bado unasinzia mchana, hesabu saa zako, umetoka saa kumi na moja alfajiri unarudi saa nne usiku, hapo aleji haihusiki. Na kama unalala vizuri na bado hali ni hiyo, kapime damu na sukari.

Paki pikipiki uende hospitali

Kifua kikibana au kikipiga filimbi, hasa usiku au ukipita kwenye vumbi, hiyo inaweza kuwa pumu na mafua ya aleji yanatembea nayo sana. Uso, midomo au ulimi ukivimba ghafla au pumzi ikikata, hapo haraka na usijiendeshe mwenyewe. Pua inayoziba upande mmoja tu wakati wote, inayotoa damu au harufu mbaya, nayo isikae. Uso unaouma na kamasi nzito ya rangi zaidi ya siku kumi, huko huenda ni sainasi, zile nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso, zimeathirika.

Juzi nilimbeba tena yule mama wa ndizi, njia ile ile. Tumeshapita kona ya pili nikasikia helmeti inagonga gonga mgongo wangu, kalala yeye. Nikapunguza mwendo nikamuuliza, mama, eti wewe una watoto wangapi?